Mheshimiwa Ameunga Mkono

4 Februari

Kwako Mheshimiwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kulia limekuwa na serikali yake. Nikiinama kumhudumia mzazi nainuka kwa kushika kitanda. Nimekupigia simu mara nne hupokei, basi nakuandikia, maana barua haina kitufe cha kuikata.

Kumbukumbu Rasmi za Bunge ulizonitumia zimefika, na kile kikaratasi chako cha njano nimekiona kwenye ukurasa ulipozungumza. Nilikusoma mbele ya wahudumu wote wa kituo chetu cha afya, wakati wa chai. Heri nisingekusoma. Ulipewa dakika tano. Umemshukuru Mungu, Spika, Naibu Spika, Waziri, chama, mkeo, wapiga kura na dereva wako. Mdogo wangu, dereva! Kisha ukasema, "Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Kisha ukasema una "jambo dogo" kuhusu vituo vya afya vya vijijini. Kisha mabano: (Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji). Mpishi wetu akauliza, "Hilo jambo lenyewe liko ukurasa wa pili?"

Jambo lenyewe si dogo. Kifungu cha kumi na tisa cha muswada huo kinasema kituo kinachozalisha akina mama chini ya ishirini kwa mwezi, wodi yake ya wazazi ifungwe na mkunga wake, yaani mimi, ahamishiwe hospitali ya wilaya. Sisi Januari tulizalisha kumi na mmoja. Hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya mto, na mto ukijaa daraja linazama siku tatu. Wewe ndiye mbunge wetu, na umo kwenye kamati inayoupitia muswada huo huo. Ukiunga mkono wewe, nani atakataa?

Fanya kazi tuliyokutuma.

Dada yako

20 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Pole sana na goti. Wifi yako anakusalimu, watoto pia. Nakuomba tu usinisome mbele ya watu.

Dada, wewe Bunge unalijua kwa kulisoma, mimi nalijua kwa kukaa ndani yake. Sisi wa viti vya nyuma tunaitwa mwisho, wenzetu wameshakwenda kula. Kengele ikikulilia kabla hujaunga mkono, mnadhimu wa chama, yule anayetuchunga tusipotee njia, anakuita pembeni kukuuliza umetumwa na nani. Kwa hiyo kila mtu anaunga mkono kwanza, ndipo anapinga. Ndiyo desturi. Hata ungekuwa wewe ungefanya hivyo.

Kwenye kamati nimeshazungumza. Mwenyekiti mwenyewe alisema hoja yangu ni nzito. Nakutumia kumbukumbu za kikao, utaona.

Bunge zima litaujadili tena muswada katikati ya Machi. Asiyepata muda anaruhusiwa kupeleka mchango wa maandishi mezani kwa Katibu, nao unachapwa kama ulivyo, neno kwa neno. Niandikie hali halisi ya kituo, nami nitaitia katika lugha ya kibunge.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hali yako sikuulizi, nimeiona kwenye kumbukumbu.

Kikao kimechukua saa tatu na nusu, umefungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza uliomba kiyoyozi kipunguzwe. Mara ya pili uliomba mkato mmoja uondolewe kwenye kifungu cha saba, Mwenyekiti akasema, "Hoja nzito hiyo." Alikuwa anakutania, na wewe ukashukuru! Kifungu cha kumi na tisa kikapita umekaa palepale, kimya kama maji ya mtungini.

Unataka hali halisi. Haya. Wiki iliyopita aliletwa fundi cherehani wa pale sokoni, mimba ya tatu, mtoto ametanguliza miguu. Mto umejaa. Gari la wagonjwa likafika darajani likasimama, dereva anayatazama maji, mama analia nyuma. Wakamrudisha. Nilihangaika naye kwa muda wa saa sita, mhudumu mmoja amemshika mabega, mwingine anachemsha vifaa. Mtoto akatoka halii, rangi imembadilika. Nikampulizia pumzi mpaka akapiga kelele. Wote wawili wazima. Chini ya sheria yenu wodi ile ingekuwa stoo, mimi ningekuwa ng'ambo, na yule mama angezalia darajani.

Mnasema kumi na mmoja ni wachache. Si wachache, ndio wote waliokuwepo! Waziri wenu anahesabu wazazi kama anayehesabu viti vya kukodi. Naamini akioneshwa kitanda cha kujifungulia atadhani ni meza ya kupigia pasi. Na wewe ni mwoga. Tangu utotoni u mwoga. Jogoo wa jirani alikuzuia kwenda shule muhula mzima mpaka nikutangulie na fimbo. Sasa Waziri ndiye jogoo, na fimbo yangu haifiki huko.

Simama useme hapana. Likikushinda, rudi nyumbani tukupe kazi ya kufua mashuka.

Dada yako

19 Machi

Dada yangu mpendwa sana, shikamoo, na tena shikamoo.

Kaa kwanza. Umekaa?

Mjadala ulikuwa jana. Nilipangiwa dakika tano, zikakatwa zikawa tatu, kisha Spika akasema muda umekwisha, waliobaki walete maandishi. Mchango wangu nilikuwa nimeuchapa vizuri, kurasa mbili, nikautia ndani ya bahasha ya kaki. Barua yako nayo ilikuwa kwenye bahasha ya kaki. Zote mfuko mmoja wa koti. Nikampa karani bahasha, akapiga muhuri, nami nikaenda zangu kunywa chai kwa amani kabisa.

Leo asubuhi Kumbukumbu zimetoka. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Imechapwa yote, dada. Kwa jina langu. Inaanza "Mheshimiwa Spika," hilo wameongeza wao, halafu, "Mdogo wangu, marahaba." Jogoo yumo. Meza ya pasi imo. Waheshimiwa wazima, wenye vitambi, wananipita kwenye korido wakiwika.

Nimemkimbilia Katibu aiondoe. Anasema kanuni zinaruhusu kusahihisha herufi tu. Mnadhimu amenipa mpaka tarehe kumi na nne Aprili, siku ya kupitisha vifungu, nisimame nifute kauli. Nifanyeje? Nisamehe, dada yangu.

Mdogo wako

1 Aprili

Mdogo wangu,

Umenivua nguo mbele za watu. Barua ya dada kwa ndugu yake! Fundi cherehani anasomewa habari za uzazi wake na wateja wanaokuja kupima suruali. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini wewe hukumwaga, ulimimina kisha ukaomba muhuri.

Sasa sikia kilichofuata. Mganga mkuu wa wilaya ameniandikia nijieleze ndani ya siku ishirini na moja, kwa nini mtumishi wa ngazi yangu amemkashifu Waziri bungeni. Bungeni! Mimi hata geti la Bunge silijui lina rangi gani. Na amenidokeza kwamba nitahamishiwa ofisini kwake kupanga mafaili, na hapa hataleta mkunga mwingine. Unaelewa? Hawatahitaji hata hicho kifungu chenu. Wodi itafungwa kwa kukosa mtu, na masika ndiyo kwanza yameanza.

Wewe una kinga; ukisema humo ndani hakuna wa kukushtaki. Mimi sina. Ukifuta kauli, umewaambia kwamba mwenye maneno ni mimi na mwenye kosa ni mimi. Nimelia, na unajua mimi si mtu wa kulia. Kisha nikausoma ule ukurasa upya, nikakasirika zaidi, maana sikuona neno moja la uongo.

Mficha uchi hazai. Sisi tumeshavuliwa, kwa hiyo zaa.

Dada yako

15 Aprili

Dada yangu, shikamoo.

Nataka uyasikie kwangu kabla ya kuyasikia redioni. Jana Spika aliniita nifute kauli. Mnadhimu alikuwa ameniandikia sentensi mbili kwenye karatasi. Nikasimama, karatasi nikaiacha kwenye kiti. Nikasema hivi:

"Mheshimiwa Spika, barua hii dada yangu aliniandikia mimi, kwa faragha. Aliyeileta humu ni mimi. Ilipopigwa muhuri mezani kwa Katibu ikawa mchango wangu, na kila neno lililomo ni langu. Mganga mkuu wa wilaya akitaka maelezo, aniulize mimi. Kuhusu meza ya pasi, namwomba radhi Waziri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonesha hicho kitanda. Kuhusu mimi kuwa mwoga, hilo naliunga mkono kwa asilimia mia moja. Kifungu cha kumi na tisa nakikataa."

Nikakaa. Hata dakika mbili hazikuisha.

Hakuna aliyewika. Mama mmoja wa upande wa pili, ambaye hajawahi kuniitikia salamu, akasimama akasema kwao nako kuna mto. Akasimama mwingine, kwao kuna bonde. Waziri akanong'onezana na watu wake muda mrefu, mwishowe akaleta nyongeza: kituo ambacho njia yake hukatika wakati wa mvua kibaki na wodi yake na mkunga wake, hata kikizalisha mmoja. Imepita, dada. Imo kwenye sheria.

Leo asubuhi nimetolewa kwenye kamati. Kiti changu kimehamishiwa safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, na wanasema mwakani chama hakitanisimamisha. Sikudanganyi kwamba sijali. Najali, hata chakula hakipiti. Lakini sikufuta.

Mdogo wako

6 Mei

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Unakula? Kula.

Mganga mkuu wa wilaya alikuja mwenyewe juzi. Nilimpokea mlangoni na ukurasa wako mpya wa Kumbukumbu mkononi, nikamwekea kidole pale uliposema akuulize wewe. Akasoma mara mbili, akaomba ile barua yake ya kunitaka nijieleze, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha, ili asionekane amekuja bure, akauliza tuna mashuka mangapi. Nikamwambia hayatoshi, aandike.

Nimekuwa mkali kwako, na sikuombi radhi, maana bila ukali usingesimama. Lakini niliposoma kwamba wamekutoa kwenye kamati nilikaa chini nikashindwa kuendelea na kazi. Nakuonea fahari. Nakwambia waziwazi ili usije ukaitafuta kati ya mistari. Na kiti cha karibu na choo si kibaya, kila mkubwa atapita hapo. Wasalimie, kisha uwakumbushe daraja. Bado linazama, Mheshimiwa. Usidhani nimesahau.

Aprili tulizalisha kumi na wanne. Mei imefunguliwa na mvulana, kilo tatu na nusu, Jumapili mchana, mto umejaa na daraja halionekani. Mama yake anataka kumpa jina lako. Nimemwambia asiwe na haraka, asubiri kwanza tuone kwenye bajeti utasema nini.

Dada yako