Hatua ya Pili, kwa Mwandiko Wako

Mpendwa Mwalimu,

Wiki hii nimefungua lile kabati lako la maabara kule Wajir, na lazima nikueleze nilichokiona.

Unakumbuka ulivyonichagua, mimi binti wa mfugaji niliyeita penseli "benseli", tutengeneze esta, ile kemikali yenye harufu tamu, kwa hatua mbili? Kwanza tuliigeuza toluini kuwa asidi ya benzoiki. Ile zambarau ya pamanganeti ilififia, ikabaki tope la kahawia. Tukachuja, tukatia asidi tone baada ya tone, mpaka fuwele nyeupe zikatulia chini ya glasi. Nilitaka tuendelee papo hapo. Ukasema, "Alkoholi ya hatua ya pili tutaitia Jumatatu, nikirudi."

Ukaniachia ufunguo wa pekee, ukapanda gari la Liboi, kule mpakani, kwenda kusimamia mitihani. Gari halikufika. Walitafuta wiki tatu, hawakuona hata alama ya tairi.

Chupa ya fuwele niliiziba mwenyewe kwa nta, nikaifungia kabatini. Ufunguo nilikwenda nao chuoni, nikarudi nao kufundisha darasa lako. Miaka yote sikuthubutu kufungua.

Jumanne mchana, joto likiwa limewanyamazisha wanafunzi wote, nilifungua ili tuimalize kazi. Nta ilikuwa nzima. Nilipoibandua, harufu tamu, nzito, ilijaa chumbani. Fuwele hazikuwamo. Mlikuwa na kimiminika kisicho na rangi, safi kama maji.

Fardosa, anayekaa mbele, akauliza, "Mwalimu, hii nani amefanya?"

Niliigeuza chupa. Chini ya maandishi yangu kwenye lebo palikuwa na mstari mwingine, kwa mkono wako: Hatua ya pili, tayari.

Nilitoka nje. Kisha nikampigia mkeo, Mama Kioko, huko Machakos. Wajua hakukubali kukuombea kama marehemu, kwa kuwa hakuna aliyeuona mwili. Nilidhani atanikatia simu. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye hofu?"

Nikamwambia hapana, ulikuwa umetulia, herufi zote zimenyooka.

"Basi nitaita watu Jumamosi, tumwombee," akasema, na hapo ndipo nilipomsikia akilia.

Kesho ndiyo Jumamosi, Mwalimu. Nimeshafika Machakos. Wao watakuimbia nyimbo zao, nami nitakaa nyuma nikikusomea dua kwa sauti ya chini. Mungu akulaze pema, popote ulipolala.

Mimi, mwanafunzi wako.