Deheni Ndani ya Gurudumu

Nairobi, Jumapili

Kwa Baba yangu, Mkwiro,

Shikamoo Baba, na Mama naye shikamoo. Namwomba Mwenyezi Mungu barua hii iwakute wazima, na mguu wa Mama uwe umepoa. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka.

Uliniuliza habari za Omari, fundi wa mashua aliyeleta posa kwa dada yangu Zuhura, kwa vile tunafanya kazi kwa tajiri mmoja, mimi dereva wake. Ulitaka kauli ya kaka mtu, basi hii hapa.

Mashua ya tajiri tunaivuta kwa trela hadi Shimoni, na wakati wa kuishusha baharini magurudumu ya trela huzama yote. Maji ya chumvi yakiingia kwenye beringi, zile gololi za chuma zinazolizungusha gurudumu, ni lazima uzitoe, uzioshe kwa mafuta ya taa, uzikaushe, kisha uzishindilie grisi mpya. Ukipuuza, zitakulaza njiani. Safari hii tajiri alinituma Mombasa kuchukua vipuri, nikamwachia Omari kazi hiyo na kopo zima la grisi. Niliporudi akaniambia tayari, na asubuhi tukaondoka na mashua kurudi Nairobi.

Baba, yule bwana alishindilia deheni. Deheni hii hii ya chokaa na shahamu mnayopaka vyombo vya baharini huko nyumbani. Kwake yeye, kila kinachoingia baharini dawa yake ni moja. Chokaa ikasaga chuma njia nzima, na tulipofika Samburu, pale tu baada ya Mombasa, gurudumu likatoa moshi, likakwama, ekseli ikakatika, mashua ikalala ubavu kando ya barabara. Shahamu iliyoungua ilinuka mzoga. Nzi wote wa soko la mbuzi walituhamia, na madereva wa malori walipita wameziba pua. Nilipofungua gurudumu nikakuta uji mweupe umegandamana na vipande vya chuma.

Hilo ningemsamehe, maana kila mtu hukosea katika kazi asiyoizoea. Lakini tajiri, aliyekuwa nyuma kwa gari lake, akafika akauliza nani aliyefunga gurudumu lile. Omari alisimama pale, chokaa imemganda kwenye pindo la kikoi, akasema, "Wallahi mimi sikuligusa. Magurudumu ni kazi ya dereva."

Nilijitetea, tajiri hakutaka kusikia. Usukani niliopewa baada ya Uhuru, ambao Mama aliusomea maulidi, nimenyang'anywa. Siku hizi nafagia gereji.

Baadaye Omari akanifuata faraghani. "Nisitiri, shemeji," akasema. "Ningekiri ningefukuzwa, na baba yako hampi mke mtu asiye na kazi."

Kumbe uchafu wake anaupangusia jina la dada yangu. Neno lile shemeji lilininukia vibaya kuliko harufu ya Samburu, na mpaka leo nikimwona anakula, mimi naondoka.

Nisalimie shangazi Mwanasha, msukaji wetu wa mikeka, na ami Athumani, mwadhini. Zuhura umsomee barua hii yote bila kuruka neno, kwani ndiye atakayeishi naye. Na mkiamua kuendelea, Baba, shahidi wa nikaha mtafuteni mwingine. Mimi nimekwisha kumsikia akiapa.

Ni mimi mwanao,
Hamisi