Ushuru Niliolipa kwa Pesa ya Hitma

Kwa mdogo wangu Bakari, Shimoni.

Marahaba. Nimeitikia mwenyewe, maana shikamoo yako sijaiona. Mwezi mzima nilikaa Bodo, mlango wazi, birika motoni, na wewe hukutia mguu. Miguu inakuuma? Mbona arusini Kikoneni ulifika, tena nasikia ulikula sahani mbili? Nimekubeba mgongoni mimi, Bakari, mama alipokuwa akienda kuchanja kuni. Leo wanipita kama mgeni.

Kifua chako lakini hakijambo? Mkeo bado anakuchemshia tangawizi? Inywe, usijifanye kijana. Huku Ujerumani tu wazima, alhamdulillahi. Mtoto wa mjukuu wetu Zuhura ameshaanza kutembea, na kazi yangu ni kumkimbiza.

Simu zangu hupokei. Basi nimemwomba Bi Salma, mwanamke wa Unguja aliyeolewa mtaa huu, aniandikie. Nimemwambia aandike ninavyotamka, asinipambie. Karatasi huwezi kuikata kama simu.

Najua ulilosema. Umesema mbele za watu, "Dada kainywa hitma ya mama." Neno hilo limenifuata mpaka huku. Sasa sikiliza, kisha ulirudie ukiweza.

Siku niliyoondoka huku kuja kwetu, mume wa Zuhura alinipa boksi limefungwa kwa gundi. Zuhura akanifasiria kuwa ni zawadi ya rafiki yao Mzungu aliyeko Diani, yule aliyewapa nyumba walipokuja kuoana. Nikalitia begini. Sikuuliza lina nini. Mama alitulea vipi? Amana ya mtu haifunguliwi wala haichunguliwi. Hapo ndipo nilipokosa, nakiri. Kuuliza si kufungua.

Uwanja wa ndege Mombasa, begi likapitishwa kwenye mashine yao, na bwana mmoja wa ushuru, mtu wa bara, akaniita pembeni. Akakata gundi. Chupa sita, Bakari. Mvinyo mwekundu.

"Shosho, usiogope," akaniambia, ndivyo wanavyoita bibi huko kwao. "Sema ni yako ya kunywa. Lita mbili zinapita bure, zilizozidi ndizo unalipia."

"Ya kunywa nani? Mimi?"

"Ndiyo sheria. Ni ya matumizi yako mwenyewe, ama ni ya biashara."

"Mwanangu, nitazame vizuri. Nafanana na mwenye baa?"

Akacheka, na wenzake wakacheka. Nikamwambia si yangu, ni ya watu. Akaniuliza watu hao wako wapi. Mmoja Ujerumani, mwengine Diani. "Basi aliyebeba ndiye mwenyewe." Nikasema nitaiacha papo hapo, niende zangu. Akasema hata kuacha kuna fomu, na lazima nitie dole kwamba ni mali yangu nimeiacha. Kila mlango nilioshika, nyuma yake zimesimama chupa zile zile, na jina langu juu yake.

Tena nikiziacha, nimwambie nini mwenye amana? Utasema amana ya haramu si amana. Wewe umesoma. Mimi nilikuwa nimesimama pale na buibui langu, adhuhuri inanipita, sina wa kumuuliza.

Nikamwambia, "Andika hivi: si ya kunywa kwangu, hata tone. Nilipishe zote."

"Utalipa nyingi bure, shosho."

"Nilipishe."

Mlevi angelipa kidogo kuliko mimi, wallahi. Ningesema nakunywa, ningepunguziwa. Na pesa niliyokuwa nayo ni ile ya hitma ya mama, ya kumsomea marehemu, ya mchele na mbuzi. Ndiyo niliyotoa. Hilo ni kweli, silikani. Jirani yetu Mwanajuma alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akitoka kwa mwanawe Maskati. Aliona chupa, akaona pesa zikitoka, akapita. Sababu hakuingoja. Mimi walinishikilia mpaka alasiri, na nilipofika Bodo habari ilishapikwa, ikapakuliwa, ikaliwa.

Boksi nililipitisha Diani, nikalikabidhi. Yule Mzungu, nilipomwonyesha karatasi ya ushuru, alitaka kunirudishia. Nikakataa. Ningeipokea, mchele wa mama ungenunuliwa kwa pesa ya mvinyo. Ungeula wewe? Ndiyo sababu hitma haikusomwa. Nilikuwa nikikungoja nikwambie haya kwa kinywa changu.

Sasa niko huku, ghorofa ya nne. Mlango wa chini hujifunga wenyewe: nikitoka bila ufunguo sirudi, nikibaki ndani natazamana na ukuta wa jirani. Zuhura hajui lolote. Nikimwambia atagombana na mumewe, na mume si mtu mbaya. Kwao chupa ni kama halua kwetu, haingii mgeni pasipo nayo. Basi kwenu Bodo mimi ni mnywaji, humu ndani ni bubu, na kwako wewe ni simu inayolia tu. Niende wapi, Bakari?

Msalimie mkeo Mishi, mwambie kanga zake ninazo. Msalimie shangazi yetu wa Kikoneni, umwinamie masikioni maana hasikii. Na Mwanajuma msalimie pia. Simchukii, ila siku nyengine angoje mwisho wa jambo.

Pesa ya hitma nimeanza kuiweka upya, katika anayonipa Zuhura ya matumizi. Mwezi wa Rajabu nakuja. Usinifuate Bodo. Njoo Mombasa, usimame nje pale wanapotokea wasafiri, nikutie pesa ya mama mkononi mwako kabla sijapanda gari, na hitma uisimamie wewe. Usipokuja nitakaa juu ya begi langu pale pale mpaka uje, na wewe wanijua.

Dada yako, hata ukikataa,
Mwanasha