Jina Lako Limegoma Kufutika

Zaituni, mpwa wangu,

Mimi mjomba wako nimetimiza themanini na moja. Nimewazika kaka zangu wote, nimemzika mke, nimemzika mama yako. Madaraja ya mto wetu yamesombwa, mimi nipo. Nikajua sasa zamu ni yangu. Kumbe yako. Nimechoka, mwanangu.

Bomba la kule chemchemini limepasuka. Watu wanateka matope. Nikaandika kwenye simu kama ulivyonifundisha, nikashuka mpaka barabarani kwenye mtandao. Taarifa ikaenda kwa fundi. Fundi ni wewe.

Neema wa ofisi ya maji Morogoro alishakufuta kwenye orodha ya mafundi, akaweka fundi mpya. Nikishuka na simu yangu, unarudi. Anakufuta, unarudi. Na fundi mpya hapewi mabomba mpaka kazi iwe na jina lake. Akanipigia nikiwa huko huko barabarani: "Shikamoo babu. Simu yako ndiyo inayomrudisha."

Unakumbuka ulivyokaa jikoni kwangu ukipanga huu mpango wa simu? Ulisema huku milimani mtandao hakuna, basi kila simu ibebe orodha nzima, ikishuka ilinganishwe na ya ofisini. Nikakuuliza, zikigombana? Ukasema ya ofisini ishinde. Nikakataa! Mimi nalala karibu na maji, wao wanayaona yakitoka bombani tu. Ukacheka: "Mjomba, ubishi wako ungeuzwa sokoni tungekuwa matajiri." Lakini ukakubali. Mtu wa chemchemini asifutiwe neno lake na mtu wa mjini. Niliwashinda wote, na mpaka leo nasema nilikuwa sawa.

Basi ofisi haiwezi kukutoa. Ni kidole changu tu. Neema alinieleza polepole, kama anasema na mgonjwa. Nikamkatia simu.

Tangu tumalize matanga nakaa nayo. Nikifungua, jina lako lipo, linangoja kazi. Ningeliacha, nani wa kunifanya nini? Ila jana mke wa jirani kapita na ndoo ya maji mekundu. Akanisalimu kwa adabu, akaendelea na njia yake. Bora angenitukana.

Nikimaliza kuandika, nakutoa. Kisha nashuka mwenyewe, magoti yaseme yanavyotaka. Ile kanuni yetu siibadilishi, hata waje na gari. Fundi mpya nitamwonyesha njia zako zote za mabomba, hilo nakuahidi. Pumzika, mwanangu.

Neema ataliona jina likitoka. Na mama yako, hapo kando yako, anajua sikuwa na haraka.

Mjomba wako