Neno nililolisahau milimani

Kalima, ukungu tangu alfajiri

Dada Aziza,

Pole na joto la Kindu. Huku milimani nashinda na koti, na wali wangu na sombe, yale majani ya muhogo, hupoa kabla sijaketi.

Nilikuja kuandika habari za wachimbaji, lakini dada wawili wa tumbo moja, Mama Feza na Mama Sifa, wameniomba foto. Vita viliwatenganisha wakiwa wasichana, na foto zote ziliungua pamoja na nyumba. Tangu hapo hawajasimama pamoja mbele ya kamera. Jana niliwaeleza mpango: watasimama kilimani, ukungu ukianza kupanda, jua likiwa bado pole. Nikamalizia, "Basi, kesho asubuhi nitawapiga kule juu."

Mama Feza akamshika mwenzake mkono. "Utatupiga juu ya nini, baba? Tumefanya nini?"

Wakati wa vita watu walipelekwa kilima kilekile, asubuhi vilevile, wakapigwa risasi. Sikujua.

"Foto, mama! Nitawapiga foto!"

Mama Sifa akacheka mpaka akakaa chini. "Muntu wa gazeti, na hajui kumaliza maneno!"

Leo wamepanda wakinitangulia, mkono ndani ya mkono. Nilipowapiga foto, sikuwaambia waachane.

Dada, nimepiga nyuso za watu tele, lakini wewe na mimi pamoja hatuna hata foto moja. Nikifika, vaa kile kitenge cha kijani. Tutashuka mtoni, tumwombe jirani atupige. Atupige foto, usikimbie.

Mdogo wako akupendaye,
Ramazani