Shemeji Ameshamzika Mume Wangu na Bado Anapumua

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijamrushia mtu sufuria. Mume wangu ni fundi makochi, ana uvimbe kooni na tezi imemvimba shingoni kama limau, daktari akasema ni saratani hatua ya nne, Jumatatu aanze mionzi, basi kaka yake aliposikia hiyo nne tu akashika kichwa, eti ya shangazi yao pia ilikuwa hatua ya nne, ya titi, na hakumaliza mwezi, kwa hiyo tusimtese bure, apumzike nyumbani. Kupumzika gani? Juzi natoka kliniki na mtoto mgongoni namkuta shemeji amekumbatia cherehani ya kazi, namuuliza unaipeleka wapi, ananijibu, "Shemeji, tuwe wakweli, ataitumia nani?" na mume wangu mwenyewe amekaa palepale anasikia! Nikamwambia, "Huyu hajafa, anakunywa chai!" Mume wangu akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema kwa kasauti kake, "Mwache achukue, mama watoto." Hapo ndipo nilipochemka. Sasa mume wangu anasema Jumatatu haendi. Mimi shule niliishia njiani, hizo hatua sizijui, lakini moyo unakataa. Nne ndiyo mwisho kweli?

Mke wa fundi

Mke wa fundi, pole, na hasira yako ni halali. Ila shemeji umemfokea, daktari hukumuuliza hata swali moja! Mmetoka pale na namba mkaigeuza tarehe ya kufa.

Hatua inaeleza uvimbe una ukubwa gani, umeingia kwenye tezi au la, umefika mbali au la. Madaktari huitumia kukadiria wangapi hupona katika kundi la wagonjwa, mumeo haimjui. Tena nne ya koo si nne ya titi. Ya titi ni ile iliyokwisha kusambaa mbali mwilini. Kooni, tezi za shingo peke yake zinaweza kumfikisha mtu hatua ya nne, mapafu na ini vikiwa salama, na wengi wa namna hiyo hutibiwa kwa nia ya kupona.

Mumeo ni wa hivyo? Mimi sijui, na mbeba cherehani hajui. Kesho nendeni wote watatu, wewe, mumeo na shemeji, mwulizeni daktari: umefika mbali? Mionzi hii ni ya kuponya au ya kutuliza maumivu? Akitumia maneno magumu, mwambie arudie, usione haya.

Kisha aamue mgonjwa, mwili ni wake. Lakini aamue kwa ugonjwa wake, si wa marehemu shangazi. Cherehani irudi leo. Na akikubali, Jumatatu muwe mlangoni kabla hawajafungua, maana uvimbe haungoji kikao cha ukoo.