Nilivyowekwa Rehani ya DragStar Nyeusi

KITUO CHA POLISI, RUIRU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gerishon Wanyoike Njau
Umri: Miaka 68
Kazi: Fundi wa pikipiki, miaka 43
Makazi: Landless, Thika
Tarehe: Jumamosi, 17 Mei 2025, kuanzia saa nane na nusu mchana
Uhusiano na mshukiwa: Shahidi anasema hakuna. Mlalamishi anasema ni baba yake.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu nikiwa na akili timamu, ingawa tangu saa sita mchana wa leo akili zenyewe zimenikimbia kidogo. Konstebo ameniambia nianze mwanzo.

Mnamo Jumatatu tarehe 12 Mei, mwendo wa saa tatu asubuhi, nilikuwa kibandani kwangu Landless nikisafisha kabureta. Alinijia kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, amevaa jaketi la ngozi. Hakunitupia salamu ya "sasa" akipita kama wanavyofanya vijana wengi. Alivua kofia, akanipa mkono wa kulia akiushika kwa wa kushoto, akasema, "Habari ya asubuhi, mzee. Mimi naitwa Njau."

Nilifurahi. Njau lilikuwa jina la baba yangu, na kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hivyo mwanangu wa kwanza naye ni Njau. Nilimwambia kijana hayo yote kabla hata hajaketi, kwa sababu mdomo wangu una breki mbovu. Leo Konstebo ameniuliza bango la kibanda changu limeandikwa nini. Limeandikwa NJAU KABURETA, kwa rangi nyekundu, na siku hiyo lilikuwa ukutani nyuma ya kichwa changu. Sikuwa nimewaza jambo hilo mpaka nilipoulizwa.

Kijana alisema anataka kununua cruiser, yaani zile pikipiki nzito ambazo mtu hukaa chini kama yuko kwenye kochi, miguu imetangulia mbele. Alisema, "Nataka ya tour, mzee. Nitoke hapa, nipite mpaka wa Namanga, niingie Arusha. Na sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wamesema wewe ndio unazijua." Sikuuliza ni kina nani waliosema. Mtu akisifiwa hasikii mengine.

Tulizungumza mpaka saa sita. Nilimwambia Royal Enfield Meteor ni pikipiki ya adabu, hainywi mafuta, ni ya mtu asiye na haraka. Akauliza, "Na nikiwa na haraka?" Nikacheka. Nilimwambia Harley Sportster ina sauti ya mhubiri wa mkutano wa injili, na mwenye kuipenda hasikii la mtu, lakini zile za tangi dogo zitamsimamisha kwenye petroli mara nyingi. Honda Shadow haina makuu, ukiilaza nje kwenye baridi ya Julai asubuhi itawaka. Halafu nikafika kwa Yamaha DragStar, ile ya 1100, na hapo nakiri nilisahau kazi iliyokuwa mkononi. Nilimwambia tangi lake ni lita kumi na saba. Haina mnyororo wa kulegea, inasukumwa na shafti. Ukijaza Ruiru hutafuti petroli mpaka Namanga. Na haina kompyuta, kwa hivyo ikikuzimikia Kajiado, fundi yeyote mwenye bisibisi atakusaidia.

Aliuliza, "Haina kompyuta kabisa?"

Nilimjibu, "Hata kidogo. Ukiwa na ufunguo wake, imekubali kuwa yako."

Aliyaandika kwenye simu. Mimi nilidhani nimepata mwanafunzi.

Jumatano tarehe 14 alinichukua kwa gari la kukodi tukaenda Section 9, Thika, kuona Harley. Mwenye nayo, daktari mstaafu, alisema hakuna kujaribu, mtu alipe kwanza ndio aipande. Tukiondoka Njau alisema, "Hii hapana, inatetemeka." Injini haikuwa imewashwa. Niliona hilo, lakini nikafikiri anaficha aibu ya bei. Ijumaa tarehe 16 tulikwenda Theta kuona Honda Shadow. Mwenyewe alikubali ijaribiwe, ila akapanda nyuma yake. Walirudi baada ya dakika tano, na Njau akasema haijamridhisha. Nilimsifu moyoni kwamba ni kijana mwangalifu.

Leo saa nne na robo asubuhi tulifika kwa mlalamishi, Bw. Abdulkarim, mwenye duka la rangi na vifaa vya ujenzi huko Gatongora. Anauza DragStar yake kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Ilikuwa nyeusi, imeoshwa, imesimama uani. Mke wake, Bi. Amida, alituletea viti, chai na mandazi. Niliiwasha, nikainama nikaisikiliza mbele na nyuma, nikakagua mafuta ya shafti. Haikuwa na ugonjwa wowote. Nilisema hivyo kwa sauti.

Ndipo Njau akaniwekea mkono begani, akamwambia Abdulkarim, "Huyu ni mzee wangu. Yeye akisema iko sawa, iko sawa."

Abdulkarim alisimama akanisalimia upya kwa mikono miwili. Alisema, "Baba, umemlea vizuri. Wengine wanakuja hapa na marafiki walevi, yeye amekuja na mzazi."

Ningeweza kusema hapo kwamba mimi si mzazi wake. Nimejiuliza sana kwa nini sikusema. Sababu ya kwanza ni kwamba huku kila kijana humwita mtu wa umri wangu mzee wake, na kumkana mtu mbele ya watu ni kumvua nguo. Sababu ya pili sikupenda kuitaja, lakini Konstebo ameniambia niseme yote. Ni kwamba nilisikia vizuri. Ni miaka sita tangu kijana anishike bega akitaka neno langu.

Abdulkarim aliomba kitambulisho kabla ya kutoa ufunguo. Njau alisema, "Si mzee wangu yuko hapa? Nitamwacha niende wapi?" Abdulkarim akanitazama. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo kosa langu na silikatai.

Alitoka getini saa tano na dakika tano, akielekea barabara kuu. Jaketi lake la ngozi alikuwa amelivua na kuliacha kwenye kiti, akasema kuna joto.

Tulikaa tukizungumza. Abdulkarim aliniuliza habari za familia, nikamwambia nina watoto watatu, na Njau ndiye mkubwa, ni fundi wa mabomba ya maji, tangu utotoni anapenda pikipiki. Nilikuwa nikimsema mwanangu wa kuzaa. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilizidi kunifunga. Saa sita kasorobo Abdulkarim aliacha kuuliza, akawa anatazama geti.

Saa sita na dakika kumi simu yangu iliita. Ilikuwa namba ya yule kijana. Alisema, "Mzee, ulisema ukweli. Haitetemeki." Hakucheka, wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeshukuru. Kisha akakata. Nilipopiga, simu ilikuwa imezimwa, na mpaka naandikisha maelezo haya bado imezimwa.

Nimefanya kazi ya injini miaka arobaini na mitatu, nimeona mkono wa mtu ukinaswa kwenye mnyororo, lakini sijawahi kushtuka namna hiyo. Nilimwambia Abdulkarim, "Yule si mtoto wangu. Nimemjua Jumatatu."

Bi. Amida alikuja akachukua kikombe changu kikiwa bado na chai, akakipeleka ndani. Tulipokagua jaketi, mifuko ilikuwa mitupu na kibandiko cha bei kilikuwa bado ndani ya mkono. Abdulkarim alifunga geti, akachukua kitambulisho changu, akasema, "Mzee, rudisha mtoto wako na pikipiki yangu." Simlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo, na kwa sauti ya juu zaidi.

Tulifika kituoni hapa saa saba na nusu. Konstebo Maluki aliniuliza, "Mzee, una kijana?" Nikasema ninaye. Akauliza, "Anaitwa nani?" Nikasema, "Njau." Konstebo akaweka kalamu chini. Abdulkarim akapiga meza, akasema, "Si nimewaambia?"

Nimeelezwa kwamba nisipothibitisha kufikia saa kumi na mbili jioni kuwa Njau wangu ni mtu mwingine, nitalala ndani kama mshukiwa. Sijawahi kulala ndani. Baba yangu alikufa bila kulala ndani. Watu wa Landless hunipa ufunguo wa pikipiki bila hata kuniandikia karatasi, na nikilala hapa usiku mmoja, Jumatatu hakuna atakayenipa hata baiskeli.

Namba ya simu ya mwanangu sikuwa nayo. Nieleze sababu. Mwaka 2019, Njau alikuja kibandani akaniambia, "Baba, nimeweka akiba, nataka kununua cruiser niwe nikienda safari na wenzangu. Twende unichagulie." Nilikuwa nimetoka kumzika mteja wangu aliyegongwa na lori pale Blue Post. Nilimwambia, "Nenda kwa fundi wa majeneza akuchagulie." Nilisema hivyo mbele ya wateja. Aliondoka, akainunua peke yake, na kibandani hakurudi tena. Alinunua ya aina gani sikujua, na kiburi hakikuniruhusu kuuliza. Huyu wa leo, ambaye sikumjua hata ukoo, nilimpa siku tano na yote ninayoyajua.

Namba nimeipata kwa mke wangu, Beth. Hakuniuliza ya nini. Aliisoma polepole, kisha akairudia. Nilimpigia Njau saa nane na dakika ishirini kwa simu ya kituo. Nilimwambia, "Ni baba. Niko polisi Ruiru. Njoo na kitambulisho useme wewe ni nani." Alisema, "Sawa." Sijui kama atakuja.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya mwenyewe. Sikupata chochote kwa yule kijana isipokuwa kusifiwa.

NYONGEZA, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni

Kabla sijatia sahihi tulisikia pikipiki ikiingia kituoni. Niliitambua kwa sauti kabla sijaiona. Abdulkarim naye aliitambua, akaruka kutoka kwenye benchi akakimbia nje akisema, "Hiyo ni yangu!" Askari wawili walimfuata. Ilikuwa DragStar 1100, nyeusi. Nilifikiri yule kijana amerudi, na naona haya kusema kwamba kwa nukta moja nilifurahi.

Aliyeiendesha alivua helmeti. Alikuwa mwanangu, ameota mvi mbili tatu ambazo sikuwa nazijua.

Abdulkarim alisoma nambari za usajili mara mbili, akagusa tangi, akaona si yake, akaketi chini kwenye ngazi. Nilimwambia pole, na ninaomba pole hiyo iandikwe hapa.

Konstebo alimwuliza Njau, akininyooshea kalamu, "Huyu ni nani wako?" Njau alisema, "Ni baba yangu." Alisema huku akitazama sakafu, na mkono ulioshika kitambulisho ulikuwa unatetemeka. Yule mwingine aliponiita mzee wake hakutetemeka hata kidogo. Nilipaswa kuijua tofauti hiyo, mimi ninayejisifu kwamba nasikia ugonjwa wa injini nikiwa ng'ambo ya barabara.

Nilimwuliza Njau ni nani aliyemchagulia DragStar.

Alisema, "Si ni wewe, baba. Tangu niko darasa la tano hujawahi kusifu nyingine."

Sina la kuongeza.

Sahihi: G. W. Njau

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Maluki, kama yalivyosemwa. Nimemsomea shahidi, akakubali kuwa ni yake, ila akataka neno "mstaafu" lifutwe penye kazi yake, nimelifuta. Kitambulisho cha Philip Njau Wanyoike, fundi wa mabomba, mkazi wa Theta, kimekaguliwa. Mlalamishi amemtazama na kusema siye aliyechukua pikipiki. Penye uhusiano na mshukiwa isomeke: hakuna. Kwa kufuata yale shahidi aliyosema kuhusu tangi, taarifa imepelekwa Namanga. Mlalamishi amemrudishia shahidi kitambulisho chake kwa mikono miwili.

Shahidi ameruhusiwa kwenda saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Amebebwa na mwanawe, ambaye alikuwa amekuja na helmeti mbili.